Waliitwa kucheza, hawakuitwa kusema: kisa cha kikundi cha densi na ukumbi wa umma Eastlands

Kisa hiki ni cha kikundi cha densi cha watoto na vijana katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, na ukumbi wa umma ambao kikundi hicho kiliutumia miaka nenda miaka rudi bila karatasi hata moja mkononi. Wahusika wakuu ni watatu. Kuna mwanzilishi, mwanamke aliyeacha jukwaa mapema kwa sababu ya goti na ambaye mtaa mzima, wazee kwa watoto, humwita Mwalimu. Kuna mratibu, kijana aliyelelewa na kikundi chenyewe, akasomea maendeleo ya jamii, kisha akarudi kuandika barua, maombi ya ufadhili na ripoti. Halafu kuna mwalimu wa shule ya umma iliyo ng'ambo ya barabara, anayefundisha Sanaa Bunifu na Michezo katika sekondari msingi. Huyu nitamwita mwalimu wa shule ili tusichanganye. Nawataja kwa kazi zao tu, na mtaa siutaji, kwa kuwa watoto wangali wanautumia ukumbi huo na baadhi ya mambo hayajaamuliwa.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa karibu kwa sababu nimeona vikundi vingi vya sanaa, kuanzia Dandora hadi Kawangware, vikipoteza mahali pa mazoezi kwa njia hii hii, kisha viongozi wake wakabaki kuwalaumu wanasiasa. Hapa viongozi walifanya zaidi ya kulaumu. Walipata kitu, wakapoteza kitu, na walichopoteza kinaniuma kuliko wanavyokiri wao wenyewe.

Ukumbi

Kumbi nyingi za kijamii za Eastlands ni za enzi ya ukoloni, zilizojengwa kwa ajili ya mitaa ya wafanyakazi Waafrika kama Pumwani na Kaloleni. Zimebeba mengi: ndondi, harusi, madarasa ya kushona, mikutano ya siasa ya kabla ya uhuru. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 zilitoka kwa baraza la jiji zikaingia chini ya serikali ya kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja wazi kwamba michezo, utamaduni na majengo ya shughuli hizo ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo mtoto anayetafuta pa kuchezea densi haombi hisani ya mtu. Anaomba huduma ambayo Katiba imeshasema ni jukumu la nani.

Ukumbi wa kisa hiki una madirisha marefu, jukwaa dogo upande mmoja na sakafu ya saruji. Hiyo sakafu ndiyo iliyonifundisha mengi. Mchezaji anaporuka, mguu hutua kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo hupokea sehemu ya mshindo huo. Saruji haipokei chochote, na mshindo wote humrudia mchezaji kwenye muundi, goti na kiuno. Mwalimu, anayelijua goti lake, alipunguza miruko katika mafunzo ya wadogo na kuyajenga juu ya mabega na nyayo: mabega ya isukuti (ngoma ya Kakamega), hatua na miinamo ya mwomboko (ngoma ya Wakikuyu), kisha stepu za mtaani ambazo watoto walikuja nazo kutoka kwenye simu. Isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Katika ukumbi ule inachezwa na watoto ambao wazazi wao hawakutoka Kakamega wala hata karibu na Kakamega, na wanaicheza vizuri.

Jambo moja kuhusu viongozi wa sanaa Nairobi halisemwi vya kutosha: wale tunaowajua, wengi wao walijulikana baada ya kupata mahali. GoDown, kituo cha sanaa chini ya Joy Mboya, ilianza mwaka 2003 katika maghala ya Dunga Road, Industrial Area, na kwa sababu palikuwa na paa, wachezaji densi, wachoraji na wanamuziki walikutana hapo. Sarakasi Trust, shirika la sanaa za jukwaani, ilipata jengo lililokuwa sinema huko Ngara, ikaligeuza kuwa nyumba ya wanasarakasi na wachezaji. Mike Wamaya, aliyeingia kumi bora za Tuzo ya Mwalimu wa Dunia mwaka 2017, alifundisha baleti Kibera katika vyumba vya madarasa ambamo madawati yalisogezwa kwanza. Si kila kiongozi atapata ghala au sinema. Kwa mtoto wa Kayole au Umoja, Ngara ni nauli ya kwenda na kurudi ambayo mzazi hana kila wiki. Ndiyo maana kumbi za umma za mitaani zina uzito usioweza kuchukuliwa na jengo lolote zuri la katikati ya mji.

Jumamosi inapotea

Msimamizi mpya wa ukumbi aliletwa mwishoni mwa mwaka. Januari ilipofika, akamwambia Mwalimu kwamba kuanzia mwezi uliofuata Jumamosi zingepewa wanaolipa, yaani harusi na kanisa moja, na kwamba kikundi kikitaka siku hiyo kilipe ada ile ile. Siku za katikati ya wiki angewavumilia, mradi pasitokee mteja.

Nataka kumtendea haki msimamizi huyu, kwa sababu mtaani alifanywa adui kwa haraka mno. Ada za kukodi kumbi huwekwa katika Sheria ya Fedha ambayo bunge la kaunti hupitisha. Msimamizi hana mamlaka ya kuzifuta, na anayempa mtu ukumbi bure anaweza kuulizwa na wakubwa wake kwa nini. Yule aliyemtangulia aliwaachia kikundi ukumbi kwa roho safi, lakini roho safi haikuandikwa popote, na alipohamishwa aliondoka nayo.

Mwalimu alifanya ambalo karibu kila kiongozi wa mtaa angelifanya. Alikwenda kwa mwakilishi wadi. Mheshimiwa akampokea vizuri, akapiga simu papo hapo, na Jumamosi ikarudi. Kikundi kikashangilia. Wiki chache baadaye harusi ikaletwa, simu ya mheshimiwa haikupokelewa, na watoto wakarudishwa mlangoni wakiwa wameshavaa nguo za mazoezi. Wazazi wawili walikuwepo. Mmoja wao, mama anayekaa mlangoni na kuandika majina ya watoto wanaoingia na saa wanayoondoka, alisema maneno ambayo baadaye yalibadilisha mkondo wa kisa chote: kwamba yeye amechoka kusaidiwa, anataka kuandikiwa.

Mkutano wa kwanza

Februari kukawa na mkutano wa kushirikisha umma kuhusu bajeti, na ulifanyika katika ukumbi huo huo. Waandaaji wakampigia mratibu: je, watoto wangeweza kuja kutumbuiza wageni wakiingia? Wangepewa nauli na soda.

Mtu yeyote aliyeongoza kikundi cha sanaa Nairobi anaijua simu hii. Inakuja kabla ya sikukuu ya Madaraka, kabla ya uzinduzi wa choo cha umma, kabla ya ziara ya mfadhili. Watoto huambiwa wafike asubuhi, wageni hufika adhuhuri, watoto hucheza juani, wageni hupiga makofi na kurekodi kwa simu, kisha programu yenyewe inaanza na watoto wanaondolewa viti vikaliwe. Ninaamini kabisa kwamba kati ya yote yanayodhoofisha utetezi wa sanaa mitaani, hili ndilo kubwa, kuliko hata uhaba wa fedha. Sanaa inaonekana kila mahali, kwa hiyo kila mtu anadhani iko salama. Anayeicheza anajulikana kwa miguu yake, na anaposimama kusema juu ya paa linalovuja, watu wanasubiri acheze.

Mwalimu aliweka sharti: watacheza, lakini naye awekwe kwenye orodha ya wasemaji. Akakubaliwa kwa mdomo. Watoto wakacheza, tena wakacheza vizuri, na mshereheshaji akawamiminia sifa. Kisha zikaja hotuba, barabara, mitaro ya maji taka, taa za mtaani, basari. Hayo yote ni mambo ya haki na watu walikuwa na uchungu nayo. Jua lilipoanza kuinama, mshereheshaji akatangaza kwamba muda umeisha, akawashukuru tena watoto wetu kwa burudani.

Mwalimu hakuondoka. Alimfuata ofisa mmoja wa fedha hadi kwenye gari na kumweleza habari ya ada. Ofisa akamsikiliza kwa adabu, halafu akampa jibu ambalo naliona lilikuwa zawadi ingawa siku ile liliuma: alikuwa amekuja mkutano usiohusika. Ule ulikuwa mkutano wa matumizi. Ada hujadiliwa kwenye Mswada wa Fedha, miezi kadhaa baadaye.

Milango miwili na kalenda yake

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa kuwa viongozi wengi wa sanaa hawajawahi kuelezwa na si kosa lao.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaipa bajeti ya kaunti tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, karibu mwaka mzima kabla fedha hazijatumika. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufikia Aprili 30, na yote yaidhinishwe kabla mwaka wa fedha haujaisha Juni 30. Huo ni mlango wa kwanza, wa matumizi. Anayetaka sakafu ibadilishwe, paa lizibwe au choo cha wasichana kijengwe apitie hapo, na apite mapema; atakayefika Mei akiwa na ombi jipya atakuta mipango ilishafungwa kwenye hatua ya Septemba.

Mlango wa pili ni Mswada wa Fedha, unaoweka ada na tozo. Bunge la kaunti hutakiwa kuuidhinisha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha bajeti. Anayetaka watoto wa mtaa wasilipe sawa na bwana harusi apitie huko. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 159, inaruhusu pia kaunti kusamehe ada kwa utaratibu uliowekwa, na Katiba, ibara ya 210, inataka kila msamaha wa namna hiyo uandikwe hadharani pamoja na sababu zake. Yaani msamaha ule ambao msimamizi wa zamani aliutoa kwa roho yake safi una njia yake halali, yenye maandishi.

Mwalimu hakuwa anayajua haya, na sioni ni vipi mtu anayefundisha densi alasiri, kushona mavazi usiku na kufuatilia watoto wasioonekana wiki nzima angepata nafasi ya kuyajua. Utetezi ni kazi kamili. Kosa la kikundi, kama ni kosa, ni kwamba kiliuacha uwe mzigo wa ziada wa mtu mmoja aliyeelemewa tayari. Baada ya mkutano ule waliketi na kugawana. Mratibu akapewa kalenda na barua. Mama wa mlangoni akapewa wazazi. Mwalimu wa shule akapewa upande wa shule, ambao nitaufikia. Mwalimu mwenyewe akaambiwa na wenzake, kwa heshima lakini bila kuficha, abaki na densi.

Barua iliyofungua macho

Mratibu alifanya jambo moja ambalo ningependa kila kikundi kilifanye kabla ya kuandamana au kuandika mtandaoni. Alitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyotokana na ibara ya 35 ya Katiba, kuomba kwa maandishi ratiba ya ukumbi, msingi wa ada, na maelezo ya jinsi mapato ya ukumbi yanavyotumika kuukarabati. Sheria inatoa siku 21 za kujibu. Jibu lilichelewa, akaandika kukumbusha, akapata sehemu: ada na ratiba. Kuhusu mapato na ukarabati hakuna lililosemwa.

Lakini ratiba ilitosha. Ilionyesha kwamba Jumamosi na Jumapili ukumbi ulikuwa unagombaniwa kweli, na kwamba alasiri za katikati ya wiki, saa kumi hadi saa kumi na mbili, hapakuwa na mtu. Hoja ikabadilika. Kabla ya hapo walikuwa wanasema tunaonewa. Sasa wangeweza kusema: saa hizi jengo la umma liko tupu, na hawa hapa watoto. Ushahidi wa watoto ukatoka kwenye daftari la mama wa mlangoni. Alilianzisha kwa ajili ya usalama, ili kila mtoto ajulikane alivyoingia na nani alimchukua, na ndani yake kulikuwa na mahudhurio ya siku kwa siku, wasichana na wavulana, bila pengo. Kikundi kilikuwa na video nyingi za maonyesho. Hakuna hata moja iliyofanya kazi ya daftari lile.

Kuhusu video hizo: mfadhili mmoja alikuwa ametaka picha za watoto pamoja na majina na hadithi za nyumbani kwao, na mratibu alikuwa tayari kuzituma. Mwalimu wa shule ndiye aliyemzuia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi na maslahi ya mtoto kwanza kabla ya taarifa zake kushughulikiwa, na waraka ambao wazazi walikuwa wakiuandaa kuiomba kaunti nao ulitayarishwa kwa utaratibu huo, idadi zikitajwa na majina ya watoto yakibaki kwenye daftari. Naona alifanya sawa. Mtoto anayefundishwa kuwa mwili wake ni wake awapo kwenye sakafu ya densi hawezi kuuzwa uso wake kwenye ripoti.

Shule na kaunti, barabara katikati

Mwalimu wa shule alileta hoja ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Elimu ya msingi na sekondari ni ya serikali ya kitaifa. Ukumbi ni wa kaunti. Mtoto huyo huyo, saa tisa alasiri, yuko mikononi mwa serikali moja, na akivuka barabara yuko mikononi mwa nyingine, na hizo mbili hazizungumzi juu yake.

Mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Katika sekondari ya juu, iliyopokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026, moja ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, na ndani yake kuna somo la Muziki na Densi. Makadirio ya Wizara ya Elimu yalikuwa kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wataingia sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Hata hiyo asilimia 15 ni watoto wengi mno. Upande wa sekondari msingi mambo yalibanwa mwaka 2024, masomo yalipopunguzwa hadi tisa na sanaa ikaunganishwa na michezo, kwa hiyo mwalimu mmoja anatakiwa afundishe kuchora, muziki, densi, maigizo, kandanda na riadha. Yeye amesomea muziki. Densi anaisoma kwa Mwalimu, siku za wiki, akiwa amevua viatu pamoja na wanafunzi wake.

Basi akaandika barua kwa idhini ya mwalimu mkuu: shule haina chumba cha densi, mtaala unaidai, ukumbi uko ng'ambo ya barabara na uko tupu saa ambazo wanafunzi wanatoka. Ilikuwa ukurasa mmoja. Kwa maoni yangu ndiyo karatasi iliyokuwa na nguvu kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu iliwaondolea maofisa kisingizio kwamba densi ni burudani ya jioni.

Mkutano wa pili, na ugomvi

Mkutano wa Mswada wa Fedha ulipotangazwa, simu ikaja tena. Watoto waje watumbuize. Mratibu alikubali, akiamini kwamba kuwepo ni bora kuliko kukosekana. Mwalimu alipopata habari alikataa, na siku hiyo walipaziana sauti mbele ya vijana wakubwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nimewasikiliza wote wawili. Mratibu alisema kikundi kinaishi kwa mialiko, kwamba ofisi zikishawaona kuwa wagumu zitaita kikundi kingine, viko tele, na kwamba mtoto anafurahia kucheza mbele ya watu, kwa hiyo si haki kumfanya alipie siasa za wakubwa. Alikuwa na hoja. Mwalimu alisema amecheza mbele ya wageni wa kila aina tangu akiwa msichana na hajaona makofi yakijenga choo, na kwamba watoto wakicheza tena siku ya ada, watakaporudi kwa maofisa kusema watasikika kama wanaoomba tuzo. Naye alikuwa na hoja, na mimi naegemea upande wake. Kucheza si kosa. Lakini siku ambayo jambo lako linaamuliwa, nafasi yako ni kwenye kiti, na kwenye orodha ya wasemaji iliyochapishwa.

Wazazi ndio walioamua. Hapakuwa na densi. Walikuja wazazi na walezi, wakaketi safu za mbele mapema, wakiwa na waraka wao wenye saini na nakala ya barua ya shule. Aliyesema hakuwa Mwalimu wala mratibu. Alikuwa shosho anayelea wajukuu wawili wanaokuja mazoezini. Alimgeukia mwakilishi wadi, akamwita mwanangu, akamweleza kwamba kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili anajua wajukuu wake wako wapi na wako na nani, na kwamba muda mwingine wote hajui. Akaomba mambo matatu kama yalivyoandikwa: ratiba ya maandishi, kundi la ada la watoto na sanaa katika sheria, na sakafu. Ofisa akayaandika. Waraka ukapokelewa na nakala ikapigwa muhuri, kwa kuwa mama wa mlangoni alikataa kuondoka bila muhuri.

Kilichopatikana na kilichopotea

Ratiba ilikuja. Barua inakipa kikundi, kwa pamoja na shule, alasiri mbili za katikati ya wiki bila ada, kwa muda uliotajwa na kwa masharti ya usafi na usimamizi wa mtu mzima. Msimamizi aliibandika mlangoni mwenyewe. Siku hizi yeye na Mwalimu wanaelewana. Alichokuwa anakosa ni karatasi ya kumwonyesha mkubwa wake.

Ada haikubadilishwa mwaka huo. Waraka ulipokelewa, ukatajwa, na sheria ikapita bila kundi la watoto na sanaa. Sakafu ni ile ile.

Jumamosi haikurudi, na hapa ndipo naona viongozi walikubali haraka. Alasiri za wiki zinawafaa watoto wa shule ya msingi na sekondari msingi. Vijana wa sekondari za kutwa hutoka shuleni jua likikaribia kuzama. Jumamosi ilikuwa yao. Ndio waliokuwa wakijifunza kufundisha, waliowashika wadogo mikono, ambao mmoja wao angekuja kuwa Mwalimu goti hili likichoka kabisa. Katika yale mambo matatu aliyoyasoma shosho, hawakutajwa, kwa sababu waraka uliandikwa na wazazi wa wadogo na ratiba ilionyesha nafasi ya wadogo. Hakuna aliyewatenga kwa makusudi. Lakini kikundi kinachopata saa za watoto na kupoteza saa za wanafunzi-walimu kimepunguza miaka yake ya kuishi, na baadhi ya vijana hao wameshaacha kuja.

Niliwauliza viongozi wote watatu juu ya hili. Mwalimu alinyamaza kwanza, kisha akasema yeye angeshikilia Jumamosi na kuachia siku moja ya wiki. Mratibu alisema hawangepata chochote. Mwalimu wa shule alifanya kitendo badala ya kujibu: aliomba bodi ya usimamizi ya shule iruhusu uwanja utumike Jumamosi asubuhi. Imekubali kwa muhula mmoja, siku ambazo hakuna shughuli ya shule. Uwanja ni wa murram, vumbi kiangazi na tope masika, na vijana wanacheza wakiwa wamevaa viatu. Waliorudi ni wachache.

Kikundi sasa kimeandika katiba yake na kuanza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ili barua ijayo isitegemee jina la mtu mmoja. Ombi la sakafu lilipelekwa kabla ya Septemba, safari hii kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, na limeambatanishwa na ombi la pili ambalo vijana wakubwa wameliandika wenyewe: nusu siku ya Jumamosi, kila wiki ya pili, kwa ada yoyote ambayo mtoto wa mtaa ule anaweza kulipa. Kuhusu mialiko ya kutumbuiza wamepitisha kanuni kwamba hawachezi katika mkutano wa umma isipokuwa jina la msemaji wao liwe limechapishwa kwenye programu. Tangu hapo wamekosa mialiko miwili. Mratibu bado anaamini kanuni hiyo inawaumiza, na amesema ataipinga kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Mwalimu amemwambia alete hoja yake kwa maandishi.